Kimya cha Sekunde Arobaini

8 Februari

Mwanangu,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari Mama Cherehani wangu atanirudisha shule. Sisi wazima. Yeye mgongo unamsumbua lakini hataki kuiacha cherehani hata siku moja, anasema mgongo utapona ukiwa kazini. Mimi goti la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu, na bado nimebakiza mwaka mmoja na nusu darasani. Dari letu lina matundu kumi na saba, nane upande wa dirisha na kumi upande wa mlango, na mvua inayajua yote.

Tangu uje na mpiga picha wako mwezi uliopita, hapa shuleni sina amani. Walimu wenzangu wananiita Nyota wa Sinema. Mwalimu Mkuu ameniuliza kama nitaendelea kuitikia salamu zake. Mimi najibu kwamba aliyekuja kunirekodi ni mtoto niliyemlea tangu alipoingia darasa la pili, aliyekaa dawati la karibu na mlango, na kwamba masomo yangu anayajua kuliko mimi.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni somo la sehemu. Unajua ninavyolifundisha. Naandika ubaoni kwamba nusu ongeza theluthi ni mbili juu ya tano, naweka uso wa mtu mwenye uhakika, halafu nanyamaza. Sisogei. Nasubiri mpaka mtoto mmoja aone kwamba tumeongeza tukapata pungufu ya tulichoanza nacho. Anayeona kosa ndiye anayechukua chaki. Siku ile ya kurekodi kimya kilifika sekunde arobaini, nilimwona mpiga picha akitazama saa, mpaka yule msichana tunayemwita Kifutio alipolisema, tena kwa kunong'ona. Nakuomba kimya kile kisikatwe. Hesabu yenyewe iko vitabuni, mtu yeyote anaweza kuisoma. Ninachofundisha mimi ni zile sekunde arobaini.

Barua hii ina kosa moja, kama kawaida yetu. Litafute.

Mjomba wako


1 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Mama Cherehani pamoja na pole ya mgongo. Mwambie lile gauni alilonishonea nimelikata kidogo chini, na asiniulize ni kidogo kiasi gani. Mimi mzima. Chumba changu kiko ghorofa ya nne na lifti ni pambo la jengo, kwa hiyo nina miguu ya mwanariadha. Matundu ya dari ni kumi na nane. Umezeeka, Mjomba, siku hizi makosa yako yanaonekana kutoka barabarani.

Kazini tuko kumi na wanne chumba kimoja, kila mtu na kompyuta yake na vipokea sauti masikioni, na ukitaka kumwita jirani unamtupia kifuniko cha kalamu. Kiongozi wetu tunamwita Bwana Sekunde. Anaamini mtoto hawezi kuvumilia kitu kisichosogea kwa zaidi ya sekunde tatu, na kila somo analipima kwa saa. Masomo yana picha zinazocheza, sauti na maswali ambayo mtoto anajibu kwa kugusa kioo. Akipata, nyota inaruka na kengele inalia. Akikosa, uso unanuna. Ungecheka, lakini najua ungependa.

Nilipofungua picha za darasa lako, wote waliacha kazi wakaja kusimama nyuma ya kiti changu. Mmoja alisema angefundishwa na wewe asingeikimbia hesabu. Bwana Sekunde amepitisha somo lako liende kwenye kila shule itakayopata vishikwambi. Nilijisikia kama nimekuleta nyumbani kwangu na kila mtu kakupenda.

Kimya chako kiko mikononi mwangu. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Tu wazima, isipokuwa goti. Mama Cherehani amesikia habari za gauni na amenuna siku mbili kamili, kisha akaanza kukushonea jingine, refu zaidi.

Vishikwambi vimefika. Boksi nne, kila moja ina vishikwambi tisa, jumla arobaini, kwa darasa la watoto sabini na wawili, wawili wawili kila kioo. Usidhani mjomba wako ni mtu wa kuvigomea. Mimi nimefundisha kwa vizibo vya chupa, kwa kamba, kwa redio ya kaseti iliyokuwa inameza mkanda. Wiki ya kwanza tulifanya pembe, na watoto wawili ambao sijawahi kusikia sauti zao tangu mwaka uanze walikuwa wanagombea kuzungusha mistari kwa kidole. Nilitamani ningekuwa na kitu hicho miaka thelathini iliyopita. Nilirudi nyumbani nikimsifu kila mtu aliyekitengeneza, wewe wa kwanza.

Kisha tukafika somo la tisa. Nikajiona kwenye vioo vyote kwa pamoja, na watoto wakapiga makofi. Nikajiona naandika mbili juu ya tano. Nikasubiri kimya changu. Hakikuja. Picha iliruka palepale, kengele ikalia, na swali likatokea: nusu ongeza theluthi ni ngapi?

Kifutio aligusa tano juu ya sita. Uso ukanuna. Aligusa tena, ukanuna. Mara ya tatu alinitazama mimi niliyesimama mbele yake, akanitazama mimi wa kwenye kioo, halafu akagusa mbili juu ya tano. Nyota ikaruka. Jirani yake akampongeza, na yeye hakucheka.

Nilizima kila kitu nikarudi ubaoni, lakini kipindi kilikuwa kimekwisha. Bila shaka kuna mtu hapo ofisini alikosea kuunganisha. Waambie walirekebishe upesi, maana shule nyingine hazinijui mimi wala mchezo wangu.

Kosa la barua lipo.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri na Mama Cherehani hajambo. Huku kuna joto kali, feni yetu imekufa, tunajipepea kwa mafaili. Niliugua mafua wiki nzima. Jirani yangu wa chumba cha pili amepata mapacha na hatulali, lakini ni wazuri. Nilikutana na yule mwalimu wangu wa kidato cha pili sokoni, anakusalimia sana.

Habari yenye furaha ni kwamba nimefanywa mkuu wa kitengo cha uhariri. Nina meza yangu karibu na dirisha.

Kuhusu somo la tisa, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ofisini kulikuwa na haraka nyingi wakati ule na sauti ya mtoto haikusikika vizuri, kwa hiyo sehemu ile ilikatwa, na aliyetunga swali alichukua jibu lililokuwa ubaoni. Mambo kama haya hutokea kwenye mfumo mkubwa. Naomba uvute subira.

Kosa la barua yako sikupata nafasi ya kulitafuta. Utanisamehe.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Hongera ya meza na dirisha. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika "ilikatwa", umeandika "limepokelewa", umeandika "linafanyiwa kazi". Barua nzima haina mtu hata mmoja aliyefanya kitu, isipokuwa jirani yako aliyezaa mapacha.

Kosa lilikuwa kwenye maboksi. Nne mara tisa ni thelathini na sita. Ulipokuwa darasa la tatu ungeliona kabla hujavua begi.

Sasa jambo lenyewe. Mtihani wa pamoja umefanyika, na watoto wa shule nyingi wameandika mbili juu ya tano, wengine wakaongeza na nyota pembeni. Wazazi wamelalamika. Mkaguzi alikuja hapa na karatasi kutoka ofisini kwenu isemayo kwamba maudhui ya somo yametoka kwa mwalimu mwenyewe, na kwamba ofisi ilirekodi tu. Nimeitwa mbele ya tume tarehe 12 Julai. Nilimweleza Mkaguzi habari ya kosa la makusudi. Aliniuliza kama nina ushahidi. Nikamwambia ninao, mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyekaa kwenye mchezo huo miaka sita na aliyekuwepo siku ya kurekodi.

Nahitaji kimoja kati ya viwili: rekodi nzima isiyokatwa, au ukurasa mmoja wenye sahihi yako ukieleza jinsi ninavyofundisha. Ukiacha kile kimya, sijawahi kukuomba kitu tangu nikulee, na hili najua si zito.

Barua hii haina kosa. Isome kama ilivyo.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimemtumia Mama Cherehani mtandio, aniambie kama rangi imempendeza. Mapacha wameanza kulala.

Nimewaza sana kuhusu barua yako. Rekodi ni mali ya ofisi na haiwezi kutoka bila idhini. Na barua yenye sahihi yangu, kwa nafasi niliyo nayo sasa, itasomeka kama ofisi imekiri. Bwana Sekunde ameniita akanieleza hivyo kwa upole kabisa. Mkataba wangu mpya unaanza mwezi ujao.

Nimeuliza watu wanaojua mambo ya tume. Wanasema wewe ni mwalimu wa siku nyingi, mwenye heshima yako. Ukiwaambia tu kwamba siku ile uliteleza, kwamba ulichoka au mbele ya kamera ulibabaika, watakupa onyo la maandishi na yataisha. Kila mtu anaweza kuteleza. Umebakiza muda mfupi, Mjomba, usiupoteze kwa kubishana nao. Naamini utanielewa.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Tu hai. Mtandio umefika, rangi yake nzuri, uko mezani bado umekunjwa.

Nilikwenda kwenye tume. Watu watano, meza ndefu, jagi la maji upande wao. Niliwaeleza ninavyofundisha. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote, nusu ongeza theluthi ni ngapi? Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nikajibu kwamba ni tano juu ya sita. Mmoja akaandika chini, kisha akageukia kikokotoo chake kuhakikisha.

Mwenyekiti akaniuliza tena kwa nini basi niliandika vile. Nikamwambia, "Nilikuwa nasubiri mtoto anikosoe."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyomcheka mzee aliyetunga uongo mdogo wa kujiokoa. Wakauliza kuna nani wa kuthibitisha. Nikawaambia ushahidi uko njiani. Mwenyekiti alinipa nusu saa nikae kwenye benchi la nje, na mimi nikakaa nikitazama lango, nikijua kabisa posta haipiti saa zile. Ulivyonishauri niseme sikusema. Kama ningeteleza ningekiri, ila sikuteleza.

Wameniondoa darasani. Mimi sasa ni Mtunza Vifaa. Nakaa stoo na vishikwambi thelathini na sita, navichaji, navifuta vioo, navigawa asubuhi na kuvihesabu jioni. Somo la tisa wamelirekebisha. Mkono wangu unaandika, juu ya jibu wamebandika kiboksi cha njano chenye jibu sahihi, na mdomo wangu unafunguka, inatoka sauti ya kijana nisiyemjua, mchangamfu kupita kiasi. Watoto wamenionea haya, wameacha kupiga makofi.

Kwa kuwa nina muda, nililitazama somo mpaka mwisho kabisa, pale yanapopita majina ya waliolitengeneza. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kufika pale. Penye neno mhariri kuna jina moja tu. Nalijua vizuri. Dada yangu alipokuzaa alishindwa kuamua jina, na mimi ndiye niliyekuchagulia.

Mjomba wako


11 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari nyingine za kutanguliza.

Nilikata mimi. Nilijaribu kukilinda kimya chako. Nilikiacha mara mbili na Bwana Sekunde akanirudishia somo mara mbili, akasema mtoto ataondoka kwenye kioo. Mara ya tatu nikakata, na kwa kuwa sauti ya Kifutio haikusikika, nikamkata na yeye. Nilijiambia mtunga maswali atajua. Hakujua.

Hilo silo baya kuliko yote. Kabla somo halijapelekwa shuleni nililipitia na nikaona kosa la swali. Niliona kwenye sekunde ya kwanza, wewe mwenyewe ulinifundisha kuona. Ningesema, mzigo wote ungesimamishwa, na ilikuwa ndiyo wiki ya kuchagua mkuu wa kitengo. Nikabonyeza kukubali. Nikajidanganya kwamba ni somo moja kati ya mia mbili.

Kwenye bahasha kuna flashi. Ni rekodi nzima. Nilitakiwa kuifuta na sikuweza. Itumie utakavyo, Mjomba, hata ukiipeleka kwenye tume sitakulaumu. Ila ujue siku itakapofika mezani kwao mimi nitafukuzwa, na hakuna ofisi nyingine itakayonichukua. Ningefurahi kama ungekaa nayo wewe tu, ujue kwamba mimi najua. Nimeshindwa kuamua. Niambie la kufanya.

Mwanao


4 Oktoba

Mwanangu,

Mama Cherehani mzima, mgongo umetulia. Goti nalo limepata nafuu, maana stoo hakuna pa kutembea.

Niliitazama rekodi mchana, vishikwambi vikiwa darasani isipokuwa kimoja kilichopasuka pembeni, nikakichomekea flashi. Nimeona kimya chote. Nimeona watoto wakitazama ubao, mmoja akihesabu kwa vidole chini ya dawati, mwingine akifungua mdomo na kuufunga. Sikujua kama kinapendeza vile. Halafu, karibu sekunde ya kumi, nyuma ya kamera, kuna mtu mzima anacheka kidogo na kujiziba mdomo. Nilirudisha nyuma mara nne kuhakikisha. Kicheko chako nakijua tangu hujaota meno ya mbele. Katika chumba kile wewe ndiye uliyeliona kosa kwanza, sekunde thelathini kabla ya Kifutio.

Nikamwita Kifutio wakati wa mapumziko, nikamwonyesha. Alijitazama akinong'ona, akajitazama akichukua chaki na kuandika tano juu ya sita. Kisha akaniuliza, "Kumbe siku ile nilipata, Mwalimu?"

Nikamwambia alipata. Amekaa miezi mitano akiamini kwamba alikosea na kioo kikapata, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kumwambia nilidhani anajua, kisha nikafungiwa na maboksi. Kwa langu mimi ningeweza kukaa stoo mpaka tarehe yangu ifike na nisikuandikie tena. Kwa la yule mtoto siwezi. Na kuna wengine wengi kama yeye kwenye shule nisizozijua, waliogusa jibu la haki wakanuniwa, na hawana mtu wa kuwaita wakati wa mapumziko.

Unaniuliza la kufanya. Ulipokuwa na miaka minane hukuwa unauliza. Anayeona kosa ndiye anayechukua chaki, na sikumbuki kama niliwahi kusema kwamba kanuni hiyo ni ya watoto tu. Kwenye tume siendi, wala flashi sikai nayo. Nakurudishia. Mimi nilikwenda mara moja, nikakaa kwenye benchi, nikatazama lango. Zamu yangu imekwisha.

Pamoja na flashi nimetia kipande cha chaki. Kikifika kimekatika, safari hii ni posta.

Barua hii ina kosa moja. Usilitafute mbali, ni neno la kwanza, lile nililokuitia.

Mtunza Vifaa